Sensa mpya, gari linachemsha: jinsi sensa ya joto inavyofanya kazi, na kwa nini upepo lazima utolewe

Keko inajulikana zaidi kwa fanicha. Harufu ya mbao na vanishi inakupokea kabla hujafika. Lakini katikati ya karakana za maseremala, kwenye vichochoro vya Magurumbasi na Machungwa, kuna mafundi magari pia, na malalamiko wanayopokea yanafanana: "Fundi, gari linakula mafuta, na taa ya cheki injini haizimi." Jibu nalo linafanana: "Bosi, hiyo sensa ya joto. Tunaweka nyingine, dakika kumi tu."

Mara nyingi fundi anakuwa sahihi. Tatizo linakuja kesho yake. Gari lililokuwa linakula mafuta tu, sasa linachemsha kwenye foleni ya Tazara. Sensa ni mpya, maji yamejazwa mpaka juu, na bado mvuke unatoka kwenye boneti. Mwenye gari anarudi amekasirika, fundi anasema spea ilikuwa feki, na wakibishana sana mwisho wake ni gasketi ya silinda hedi, ambayo ni gharama ya daraja lingine kabisa.

Katika makala hii tunaeleza kilichotokea hapo katikati. Ni fizikia ya kidato cha tatu na cha nne, ila imewekwa ndani ya chuma cha moto.

Joto linakwenda wapi

Ukichoma petroli ndani ya injini, kwa makadirio ya jumla ni kama theluthi moja tu ya nishati yake inayosukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki inaingia kwenye chuma cha injini. Hiyo isipoondolewa, chuma kinapinda. Kazi ya kuiondoa ni ya maji, au kwa usahihi zaidi kulanti, ambayo ni mchanganyiko wa maji, glaikoli na dawa za kuzuia kutu.

Wota pampu inasukuma kulanti kuzunguka silinda, inapanda kwenye silinda hedi, halafu inafika kwenye rejeta ambako feni na upepo wa barabarani vinaipoza. Katikati ya njia kuna mlango unaoitwa thamostati. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, kulanti inazunguka ndani kwa ndani ili ipate moto haraka. Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota mlango huo huanza kufunguka karibu nyuzijoto 82.

Mfuniko wa rejeta nao ni kifaa, si kizibo tu. Mara nyingi umeandikwa namba kama 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha unayoishikilia juu ya presha ya kawaida ya hewa. Kwa 1.1, maji matupu hayachemki kwa nyuzi 100 bali karibu nyuzi 122. Ndiyo maana mfuniko uliolegea unaweza kufanya gari lichemshe hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Sensa yenyewe ni nini

Ndani ya kile kipande cha shaba kuna punje ya kauri inayoitwa themista. Waya wa kawaida ukipata moto, ukinzani wake unaongezeka, kwa sababu atomi zinatetemeka zaidi na kuwasumbua elektroni njiani. Themista inafanya kinyume: imetengenezwa kwa kipitishi nusu, na joto linaachilia elektroni nyingi zaidi ziwe huru kubeba mkondo, kwa hiyo ukinzani unashuka. Tabia hii Michael Faraday aliiona mwaka 1833 alipokuwa akichunguza salfaidi ya fedha.

Kwa sensa nyingi za magari ya Toyota namba zinakuwa karibu na hizi:

- nyuzi 20: ohm 2,450
- nyuzi 40: ohm 1,150
- nyuzi 80: ohm 320
- nyuzi 100: ohm 190

Kontroli boksi haisomi ohm moja kwa moja. Inapeleka volti 5 kupitia kizuizi chake cha ndani, halafu inasoma volti iliyobaki kwenye sensa. Tuchukue mfano kizuizi hicho kina ohm 2,500. Kwa nyuzi 20 boksi litasoma volti 2.5 hivi. Kwa nyuzi 80 litasoma volti 0.57. Kwa hiyo volti kubwa maana yake baridi, volti ndogo maana yake moto.

Sasa angalia kinachotokea waya ukikatika. Volti zote 5 zinabaki pale, na mashine ya kupimia inaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapa Dar! Waya mbili zikigusana, volti inakuwa sifuri na mashine inaonyesha nyuzi 140 au zaidi. Hali zote mbili boksi linajua haziwezekani, linawasha taa na kutumia namba ya kubuni ili gari liendelee kutembea. Magari mengi pia yanawasha feni muda wote kwa tahadhari.

Ugonjwa mbaya zaidi ni ule wa katikati. Tuseme pini za soketi zimeota ukungu wa kijani, na ukungu huo umeongeza ohm 3,000. Injini iko nyuzi 80, sensa inasema ohm 320, lakini boksi linaona 3,320. Ukipiga hesabu, hiyo ni sawa na nyuzi kama 12. Yaani gari liko Keko saa nane mchana, na boksi linaamini liko Njombe asubuhi ya mwezi wa saba. Linafanya nini? Linaongeza petroli, kama linavyopaswa kufanya kwa injini ya baridi. Mafuta yanakwisha haraka, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unanuka petroli. Na kwa kuwa nyuzi 12 ni joto linalowezekana duniani, taa inaweza isiwake mapema.

Pima kabla ya kununua

Kwa mfano huo umeona kwamba tatizo linaweza lisiwe sensa kabisa. Vipimo vitatu vinatosha kukata shauri.

Cha kwanza, asubuhi kabla gari halijawashwa, chomeka mashine ya kupimia na usome joto la kulanti na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Gari limelala usiku kucha, kwa hiyo namba hizo mbili lazima zikaribiane, nyuzi 25 mpaka 30 hivi kwa Dar. Kulanti ikisema 12 na hewa ikasema 27, kuna uongo mahali.

Cha pili, chomoa soketi ya sensa huku swichi ikiwa imewashwa bila kuwasha injini. Namba ishuke hadi 40 chini ya sifuri. Kisha unganisha tundu mbili za soketi kwa kipande cha waya. Namba ipande kupita 140. Yakitokea yote mawili, waya na boksi ni vizima, na mtuhumiwa anabaki sensa au pini zake. Kipimo hiki ni cha sensa ya waya mbili tu.

Cha tatu, sensa ikiwa mkononi, iweke ncha yake kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka na upime ohm kwa multimita. Hapa wakazi wa pwani tuna bahati: tuko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayochemka ni nyuzi 100 bila ubishi. (Mbeya, kwenye mita kama 1,700, yangechemka karibu nyuzi 94.) Kisha acha yapoe huku unaangalia. Ohm zinatakiwa kupanda taratibu bila kuruka. Ikiruka ghafla, sensa imekufa. Fanya hivyo hivyo kwa ile unayotaka kununua, hasa kama ni ya mtumba.

Na kabla ya yote, safisha pini za soketi. Kuna sensa nyingi zimetupwa jalalani zikiwa nzima.

Kuibadilisha

Subiri injini ipoe kabisa, saa kadhaa, mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe laini ukiubonyeza. Hili si jambo la kusisitiza kwa adabu tu. Lita moja ya maji yenye nyuzi 115 ndani ya presha, ukifungua mfuniko ghafla, gramu kama 28 zinageuka mvuke papo hapo. Gramu 28 zinaonekana kidogo, lakini mvuke huo unajaza kama lita 47, na unatokea kwenye tundu moja, ukielekea usoni kwako. Tambara juu ya mfuniko halizuii kitu kama hicho.

Gari likishapoa:

1. Tafuta sensa. Mara nyingi iko kwenye silinda hedi au kwenye nyumba ya thamostati, ina soketi ya waya mbili. Baadhi ya magari ya zamani yana sensa ya pili ya waya mmoja, hiyo ni ya mshale wa dashibodi. Usizichanganye.
2. Fungua mfuniko, kisha mwaga lita moja au mbili kupitia kizibo cha chini ya rejeta, kwenye chombo safi. Unataka usawa wa maji ushuke chini ya sensa tu.
3. Bonyeza kibano cha soketi na uivute kwa mwili wake. Usivute waya.
4. Fungua sensa kwa boksi spana ndefu. Kwenye Toyota nyingi ni namba 19.
5. Linganisha ya zamani na mpya: urefu, nyuzi za skrubu, umbo la soketi. Weka washa au ringi mpya. Usiizungushie tepu nyeupe ya mabomba, vipande vyake hukatika na kuingia kwenye maji. Na kwa sensa ya waya mmoja, ambayo inapata ethi kupitia nyuzi zake, tepu inaweza kukata umeme kabisa.
6. Anza kuikaza kwa vidole. Hedi ni alumini, ukilazimisha unaharibu nyuzi. Malizia kwa nguvu ya wastani: kwa sensa nyingi za aina hii ni nyutoni-mita 20, sawa na kuning'iniza ndoo ya lita 10 kwenye ncha ya spana yenye mkono wa sentimita 20.
7. Rudisha soketi, futa kosa kwenye mashine.

Hapo ndipo wengi wanamwaga maji juu, wanafunga mfuniko na kukabidhi ufunguo. Kazi iko nusu.

Kwa nini hewa ni adui

Ulipomwaga zile lita mbili, hewa iliingia nafasi yake. Ukijaza, maji yanashuka, lakini hewa iliyo kwenye kona za juu za hedi na kwenye bomba za hita haina pa kutokea. Inabaki kama Bubble ya pipi, imenaswa.

Hewa inapitisha joto mara 24 hivi pungufu ya maji. Na ukilinganisha ujazo kwa ujazo, maji yanabeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Sehemu ya hedi iliyoguswa na hewa badala ya kulanti ni kama sufuria iliyoachwa jikoni bila maji. Pampu nayo imeundwa kusukuma kimiminika. Hewa ikiijaa inazunguka bure.

Halafu kuna sensa yenyewe. Watanzania tuna hadithi yetu nzuri kuhusu jambo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule wa baridi. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, walichapisha jambo hilo, na ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kwenda juu au chini kunaweza kutosha kubadilisha jibu la jaribio. Hata ukiwa upande gani wa ubishi huo, somo la kipimo linabaki: kipimajoto hakijui joto la chombo kizima, kinajua joto la pale kilipo.

Sensa ikikaa ndani ya mfuko wa hewa, inaripoti joto la ule mfuko. Chuma cha pembeni kinaweza kuwa kimeshavuka kiwango, na sensa bado inasema nyuzi 85. Boksi halina sababu ya kuwasha feni. Thamostati nayo, ikizungukwa na hewa, inachelewa kufunguka. Kwenye magari mengi madogo hakuna hata mshale, kuna taa ya bluu na taa nyekundu tu, na zote zinasubiri neno la sensa hiyo hiyo. Dereva anaona mvuke kabla ya taa. Ndivyo sensa mpya kabisa inavyoweza kuua gasketi.

Kutoa upepo

Weka gari sehemu ya mwinuko, pua ikiwa juu, ili mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kuliko zote. Vuta hendibreki na uweke mawe kwenye matairi. Hewa inapanda, wewe unaitengenezea tu njia.

Washa hita kwenye moto wa mwisho. Najua, hita hapa Dar hakuna anayeikumbuka, lakini kwenye magari yenye vali ya hita, bila hivyo maji ya mle ndani hayazunguki na hewa yake haitoki.

Jaza kulanti polepole huku ukibinya mipira ya rejeta, juu na chini. Utaona mapovu. Kama gari lina skrubu ya kutolea upepo karibu na thamostati, ilegeze mpaka itoke kulanti tupu, kisha ikaze.

Washa injini ikiwa bado ya baridi, mfuniko ukiwa wazi, bila kukanyaga mafuta. Kwa muda hakuna kitu. Kisha thamostati inafunguka: mpira unaotoka rejeta kurudi injini unapata moto, usawa wa maji unashuka ghafla, mapovu yanatoka. Ongeza. Yakitulia na kabla maji hayajaanza kupanda kwa joto, funga mfuniko. Endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, huku mara kwa mara ukipandisha injini hadi mizunguko 2,000 hivi. Hita ikipuliza hewa ya moto, njia imefunguka. Ikipuliza baridi wakati injini ni ya moto, bado kuna upepo.

Zima. Acha ipoe kabisa. Fungua tena, ongeza kilichopungua, jaza kopo la akiba mpaka alama. Angalia asubuhi tatu mfululizo.

Mapovu yanatakiwa yaishe. Yasipoisha, yakaendelea kutoka kila injini ikinguruma, hiyo si hewa ya kazi ya jana. Inawezekana ni moshi wa silinda unaopenya kwenye gasketi. Usiendelee kuongeza maji, mwambie mwenye gari ukweli.

Tiba tatu za mtaani

Kwanza, kutoa thamostati "kwa sababu hapa kuna joto". Ukifanya hivyo, barabarani injini inaweza isifike joto lake la kazi, boksi linaendelea kuongeza petroli, na umerudi kwenye malalamiko uliyoanza nayo. Kwenye baadhi ya injini thamostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi injini bila kupita rejeta, na gari linachemsha zaidi.

Pili, kuunga feni moja kwa moja. Itasaidia kufika nyumbani. Ikibaki hivyo miezi sita, inaficha ugonjwa, inachosha feni na kubebesha altaneta mzigo.

Tatu, maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi na alumini hawapatani. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au changanya na maji yaliyosafishwa. Maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, hilo ni kweli, lakini hayana kinga ya kutu na yanachemka mapema. Rangi ya kulanti isikudanganye, kijani au nyekundu si kipimo, soma kopo.

Na ile uliyomwaga usiiache kwenye beseni. Glaikoli ina ladha tamu na ni sumu kali. Mtoto au mbwa akiikuta hatajua. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, andika juu yake, na usiimwage kwenye mfereji.

Ukipeleka gari gereji, uliza maswali mawili tu: "Fundi, umepima ohm ngapi?" na "Upepo umetoa?" Fundi anayejua kazi hatakasirika. Atakuonyesha.